Vitamini D: Kabla Hujameza, Soma Namba Iliyo Kwenye Kopo

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa ya leo si ya sala wala ya mirathi. Ni ya kopo la vidonge, na ni ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe hapa hapa Bububu. Nimekawia kuiandika kwa sababu ya haya, na haya nyengine hazina kheri. Mwenye khabari yake amenipa ruhusa niieleze, kwa sharti nisimtaje jina wala nisioneshe nyumba yake.

Ni bibi wa miaka sitini na kitu, hakosi darsa ya akina mama baada ya Alasiri. Magoti yanamuuma, kiuno kinamuuma, akinyanyuka kwenye sijda anashika ukuta. Mwanawe anafanya kazi Maskati. Alipokuja likizo alimletea kopo la vitamini D. Daktari wa huko alimwandikia yeye kijana, vidonge vikabaki, akaona bora mama yake apate nafuu. Nia njema, na mapenzi ya mtoto kwa mzazi. Bibi akaniletea mimi kwenye kibaraza cha msikiti: "Maalim, hebu nitazamie hii, inafaa?"

Nikavaa miwani, nikaligeuza kopo, nikatafuta alama ya halali. Nikaiona. Nikamrudishia, nikamwambia: "Haina neno bibi, hii vitamini tu, ni kama chakula. Meza, inshaallah utapata shifaa." Wallahi sikuchukua hata dakika moja.

Kwenye kopo lile palikuwa na namba 50,000. Niliiona. Haikuniambia kitu.

Bibi ana vidonge vyake vya presha anavyomeza kila siku asubuhi, basi akakichanganya na hivyo. Kila siku kimoja. Kopo likesha, mwanawe anatuma jengine kwa mtu anayekuja. Baada ya kiasi cha miezi miwili na nusu akashikwa na kiu isiyokatika. Mkojo kila saa. Choo kikafunga, chakula hakikai tumboni, kisha akaanza kupotewa na maneno, anamwita mjukuu wake kwa jina la ndugu yake aliyefariki zamani. Nyumbani wakasema malaria, kipimo kikakataa. Wakasema basi huyu amepatwa na shetani. Wakaniita nimsomee. Nikaenda, nikasoma ruqya, na kopo lipo juu ya kabati mbele ya macho yangu.

Ni daktari mmoja kijana ndiye aliyeuliza suali ambalo sisi sote hatukuuliza: "Bibi anameza nini?" Binti yake akarudi nyumbani akaleta mfuko mzima wa dawa. Damu ikapimwa, kalsiamu imepanda juu sana, figo zimeelemewa. Akatundikiwa maji, vidonge vikasimamishwa. Alhamdulillah yupo hai na akili yake imerudi, lakini ilichukua wiki nyingi, na mpaka leo anakwenda kupimwa figo.

Mnaijua hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir, ya Sahaba aliyejeruhiwa kichwa safarini kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana ruhusa na maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata khabari alikasirika, akawalaumu kuwa wao ndio waliomuua, na akatufundisha kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Hadithi hii nimeisomesha mara nyingi, na kila mara nilidhani inawahusu watu wengine.

Sasa nieleze nilichojifunza baadaye, nilipokwenda kukaa na daktari na mfamasia nikauliza kama mwanafunzi.

Kwanza, jina "vitamini" linatuhadaa. Tunasikia vitamini tunafikiria chungwa. Chungwa lina vitamini C, na ukiizidisha, sehemu kubwa hutoka kwenye mkojo. Vitamini D haiko hivyo. Inakaa kwenye mafuta ya mwili, inarundikana, na hata ukiacha kumeza leo inabaki mwilini wiki nyingi, pengine miezi. Kazi yake ni kuusaidia utumbo kuichukua kalsiamu kutoka kwenye chakula ili mifupa iipate. Ikipungua sana, mtoto anapata matege, na mtu mzima mifupa inalainika, inauma, na misuli inakosa nguvu. Ikizidi sana, kalsiamu inajaa kwenye damu na figo ndizo zinazolipa. Kwa hiyo ndugu zangu, kinachojenga mfupa ndicho hicho hicho kinachoharibu figo, tofauti ni kipimo.

Na kipimo kinajulikana. Jopo la wataalamu wa Marekani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2010 lilisema mtu mzima mpaka miaka 70 anahitaji yuniti 600 kwa siku, na aliyepita 70 yuniti 800. Hizi yuniti ndizo zinazoandikwa IU kwenye kopo. Kikomo, ambacho mtu mzima asikipite kila siku bila ya kusimamiwa na daktari, ni 4,000. Sasa fanya hesabu ya bibi yetu: 50,000 kila siku ni zaidi ya mara kumi na mbili ya hicho kikomo. Kwa siku 75 alimeza yuniti 3,750,000, na mimi ndiye niliyemwambia ameze.

Jee, kidonge cha 50,000 ni sumu? Hapana. Ni dawa, na madaktari wanaitoa kwa haki yake. Hutolewa kwa mtu aliyepimwa damu akaonekana amepungukiwa, kimoja kwa WIKI, mara nyingi kwa wiki nane hivi, kisha anarudishwa kwenye dozi ndogo. Kijana wa Maskati aliandikiwa hivyo, kwa wiki. Maelezo yalikuwa kwenye karatasi ya daktari, na karatasi haikusafiri na kopo.

Hapa tahadharini na jambo moja ambalo lingenipata mimi mara ya pili. Makopo mengine hayaandiki yuniti, yanaandika maikrogramu. Maikrogramu moja ni yuniti 40. Kwa hiyo kopo la maikrogramu 25 ni yuniti 1,000. Na ukikuta 1.25 mg usidhani ni kidogo kwa sababu namba ni ndogo: ndiyo 50,000 ile ile imevaa nguo nyengine.

Mtu atauliza, kwa nini vidonge hivi vimejaa sana Omani na Ghuba yote? Kwa sababu tatizo lipo kweli. Mwaka 2011 jarida la udaktari la Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos lilichapisha utafiti wa wafanyakazi wanawake wa Royal Hospital ya Maskati, wanawake 41 wa umri wa miaka 18 mpaka 45, wazima. Wote walikuwa chini ya kiwango cha nanomoli 50 kwa lita, kiwango ambacho wengi wanakihesabu kuwa ndiyo kutosheka. Nchi ya jua kali namna ile! Lakini joto linawafungia watu ndani ya viyoyozi, na kutoka nyumbani mpaka kazini ni ndani ya gari.

Kwetu jee? Unguja iko digrii sita tu kusini ya Ikweta, na mwale wa jua unaotengeneza vitamini hii kwenye ngozi unatufikia mwaka mzima. Ndugu zetu walioko London na Stockholm hawaupati majira ya baridi, na kwa ngozi zetu nyeusi kule ni taabu zaidi, kwa sababu ngozi nyeusi inahitaji jua la muda mrefu. Wao wasikilize wanayoambiwa na madaktari wa huko, wasinifuate mimi wa Bububu. Hapa Tanzania watafiti waliwapima Wamasai na Wahadzabe, wakachapisha matokeo mwaka 2012: wastani wao ulikuwa nanomoli 115. Hawakumeza kidonge hata kimoja. Ni jua la Mwenyezi Mungu tu na kuishi nje.

Lakini jua lililoko barabarani halimfai mtu aliyeko chumbani. Halipiti kwenye kioo cha dirisha, maana kioo kinauzuia ule mwale. Na hapa nataka kuwajibu watu wawili.

Wa kwanza ni yule anayeitumia vitamini D kuikejeli hijabu. Anatuma picha ya mwanamke aliyevaa buibui na maneno ya dhihaka kwamba dini inamuozesha mifupa. Huyu hajui dini wala hajui mifupa. Stara ni mbele ya ajinabi, na jua si ajinabi. Bibi zetu walivaa buibui tena la ukaya, na mikono yao ilikuwa inapigwa na jua kila siku. Wapi? Uani. Walipeta mchele uani, walikuna nazi uani, walianika karafuu, walisuka ukili, wamejifunga kanga tu na mikono iko wazi, wala hapana mwanamme wa nje aliyewaona. Hata Mji Mkongwe ambako nyumba zimebanana, zile nyumba kubwa zilijengwa na ua katikati na mahali pa kukaa juu ya dari.

Wa pili ni sisi wanaume. Nani aliyeuondoa ua? Ni sisi. Piteni hapa Bububu, Kihinani, Chuini, mtazame tunavyojenga. Mtu ana kiwanja kidogo, anajenga mpaka kwenye mpaka, ukuta kwa ukuta, madirisha ya vioo vya kiza, na kipande kilichobaki anakipiga paa aegeshe gari. Gari linakaa nje na mke anakaa ndani. Halafu akifika miaka hamsini anauma mwili mzima, tunamnunulia vidonge. Ndugu yangu unayejenga, muachie mkeo na binti zako kipande cha jua chenye ukuta mrefu. Hilo ni katika kuishi nao kwa wema.

Na jua lenyewe si lile la saa moja asubuhi. Tumezoea kulisifu, na ni zuri kwa roho, lakini ule mwale wakati huo bado ni mchache. Kanuni wanayoitumia wataalamu ni kivuli: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, ndipo jua linapofanya kazi. Sisi tunaoijua Alasiri kwa kivuli tunalifahamu hili upesi. Mikono na miguu wazi, dakika kumi mpaka nusu saa, siku kadhaa kwa wiki, wakati unafua au unapalilia mchicha. Si lazima ujichome. Ndugu zetu wenye ualbino hawamo kabisa katika maneno haya: wao wajikinge na jua, na vitamini hii waiulizie kwa daktari.

Jua peke yake nalo halitoshi. Nigeria, huko Jos, walipatikana watoto wenye matege na jua wanalo tele. Watafiti wakachapisha mwaka 1999 kwamba kilichokosekana ni kalsiamu ya chakula, na watoto waliopewa kalsiamu walipata nafuu zaidi ya waliopewa vitamini D peke yake. Kwetu kalsiamu ipo kwenye maziwa, mtindi, na dagaa wanaoliwa na miba yao. Dagaa, vibua na jodari wana vitamini D pia, na kiini cha yai kina kidogo. Nashangaa watu wa pwani tunauza dagaa kwa magunia yaende bara na ng'ambo, kisha tunanunua kopo la mafuta ya samaki kutoka Ulaya.

Nani basi anahitaji vidonge? Mzee asiyetoka nje, mgonjwa wa kitandani, mwanamke ambaye hana ua wala dari, mjamzito akishauriwa na kliniki, mtu mwenye maumivu ya mifupa ambaye daktari amempima. Dozi ndogo ya 600 au 800 kwa siku haina khatari kwa watu wengi wazima. Lakini wapo ambao hata hiyo waulize kwanza: mwenye maradhi ya figo, aliyewahi kupata mawe ya figo, mwenye kifua kikuu, anayetumia dawa ya moyo ya digoxin, na anayemeza vile vidonge vya presha vinavyoleta mkojo. Baadhi ya vidonge hivyo huizuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo. Bibi yetu alikuwa anameza hivyo, na mimi sikumuuliza.

Na msitarajie miujiza. Marekani walifanya utafiti wa watu 25,871, waliopewa vitamini walimeza yuniti 2,000 kila siku kwa miaka mitano na zaidi, na matokeo ya mwaka 2022 yalionesha kuwa haikupunguza kuvunjika mifupa kwa watu wazima ambao hawakuwa na upungufu. Australia, mwaka 2010, walichapisha matokeo ya wanawake wa miaka 70 na zaidi waliopewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka. Wakaanguka zaidi na wakavunjika zaidi kuliko ambao hawakupewa. Nililisoma hili mara mbili kwa mshangao. Walitaka kuwakinga na kuanguka!

Sasa nawageukia ndugu zangu na dada zangu wanaouza vitamini kwenye simu. Biashara ni halali na riziki ni ya Allah. Lakini unapoandika "inatibu mgongo, magoti, sukari, presha na uzazi, haina madhara kwa sababu ni ya asili", umeshatoka kwenye biashara umeingia kwenye utabibu. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyomo kwa Abu Daud na Nasai, amembebesha dhamana mtu anayejitia utabibu na hali hajulikani kwa utabibu. Mafakihi wameijadili dhamana hiyo kwa fidia na diya, si kwa kuombana msamaha tu. Kama dawa yako haikusajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, na huwezi kumwambia mteja ina yuniti ngapi na aache lini, usimuuzie.

Masuali ya fiqhi nimeletewa mengi, nijibu mawili. Vitamini D3 nyingi inatengenezwa kutokana na mafuta ya sufi ya kondoo, na sufi inayokatwa kwa kondoo aliye hai ni tohara, hapana tatizo. Tatizo liko kwenye ganda la kidonge laini, maana jelatini nyengine ni ya nguruwe. Tafuta iliyoandikwa ya ng'ombe au ya mimea, au chukua vidonge vikavu. La pili, kukimeza mchana wa Ramadhani kunafunguza. Kimeze na futari au daku, na ndiyo bora zaidi, kwa sababu kinachukuliwa vizuri mwilini pamoja na chakula chenye mafuta. Muhogo wa nazi unatosha.

Na watoto wachanga wanaopewa matone, hapo ogopeni zaidi. Mtoto wa chini ya mwaka kiasi chake ni 400 kwa siku, na kikomo cha miezi sita ya mwanzo ni 1,000 tu. Zipo chupa ambazo 400 iko ndani ya tone MOJA, na zipo ambazo 400 iko ndani ya mililita nzima. Ukibadilisha chupa ukabaki na mazoea ya zamani, umemzidishia mtoto mara nyingi. Wamarekani walitoa onyo kuhusu kosa hili hili mwaka 2010.

Siku hizi mtu akiniletea kopo msikitini naliangalia alama ya halali, kisha nasoma namba kwa sauti, kisha namwambia: mimi nimemaliza, sasa lipeleke kwa mfamasia au daktari pamoja na dawa zako zote unazomeza. Wengine wanaona namkwepa. Wacha waone hivyo.

Yule bibi alinijia wiki iliyopita na kichupa cha matone, cha kitukuu chake aliyezaliwa juzi. Nilipokinyoosha mkono kukipokea akakirudisha nyuma, akacheka: "Wewe Maalim sikupi. Nimekuja kukuonesha tu kwamba nimeshapita kwa mfamasia." Nikamuuliza amemwambia nini. Akasema: tone moja kwa siku, na akamwandikia kwa kalamu kubwa juu ya karatasi ya chupa.

Wallahu a'alam.